Lukwembe Inayojulikana

Nikikwambia natoka Lukwembe, tafadhali usiniimbie. Nakuomba mapema, kwa sababu nimeshawatimua kibarazani kwangu wateja wawili kwa kosa hilo hilo, na mmoja wao alikuwa ameleta vitambaa vya sare za harusi nzima.

Mimi ni fundi cherehani, Mwembesongo. Morogoro mjini kila mtu ametoka kwingine, kwa hiyo anayekaa kusubiri nguo yake lazima aulize kwenu ni wapi. Nikitaja Lukwembe, mabega yake yanaanza kucheza. "Ile ya kwenye wimbo?" Wimbo wenyewe unaujua hata kama hutaki kuujua: kijana mmoja wa Dar anaimba kwamba wikiendi ikifika anazama Lukwembe, nyama inachomwa, warembo wamejaa, na simu kaizima. Kijana huyo hajawahi kufika kwetu. Kwetu nyama ni Krismasi na Pasaka, na mrembo akija na vile viatu vya kwenye video atateleza mpaka mtoni.

Kwetu ni juu, kwenye milima ya Uluguru. Unatoka mjini, unakata kulia pale Bigwa, unashika barabara ya Matombo mpaka gari linapogoma, halafu unapanda kwa miguu saa mbili, na hapo nasema mtu mwenye mapafu. Utakuta migomba, midalasini, kanisa dogo la matofali, na nyumba zilizojishika kwenye mteremko kama watu wanaogopa kuanguka. Hiyo ndiyo Lukwembe. Nyingine zote zimetoka hapo, na mama yangu alikuwa akinieleza zilivyotoka.

Zamani wanawake wa kwetu walishuka na mikungu ya ndizi kichwani kuja kuuza mjini. Walikuwa na sehemu yao ya kutua mizigo, hapa hapa Mwembesongo, na watu wa mjini wakapaita kwa wale wa Lukwembe, baadaye wakafupisha wakapaita Lukwembe tu. Mpaka leo kuna uchochoro unaitwa hivyo na hakuna anayejua kwa nini. Kisha wanaume wakachukuliwa kukata mkonge upande wa Ngerengere. Wakapewa vibanda kwenye tambarare kali, jua linachoma, mlima wanauona kwa mbali tu. Wakaita vile vibanda Lukwembe. Mama alisema waliita hivyo ili walitamke jina hilo kila siku, wasijisikie wamepotea sana. Mkonge ukafa, watu wakabaki, wakazaa, wakajenga.

Hiyo Lukwembe ya tambarare ndiyo iliyokuja kunitia kichaa. Mtu alifungua baa kando ya barabara akaibatiza Lukwembe. Ikaja timu ya mpira, ikaja na kosta yenye jina hilo kwenye paji la kioo. Hata jezi za timu nilizishona mimi, herufi kwa herufi, Mungu anisamehe. Mwisho ukaja wimbo, na baada ya wimbo simu zikamaliza kazi. Andika Lukwembe kwenye ramani ya simu, mshale unakupeleka mpaka mlangoni mwa baa. Ya kwetu haimo. Ukiivuta ile ramani kwa vidole unaona kijani tupu, kana kwamba sisi tulizaliwa na nyani.

Mama hakuona ubaya wowote. Alikuwa akicheka. "Waache waite, sisi tunapungukiwa nini?" Mwenye hasira nilikuwa mimi. Nilijiapiza kwamba kwangu Lukwembe ni moja, na anayesema zipo nyingi aende akashonewe kwingine.

Mwaka wake wa mwisho mama alikaa kwangu, maana miguu ilikuwa imekataa milima. Mji hakuupenda hata kidogo. Joto la Mwembesongo lilimchosha, mbu walimchosha, na maji ya bomba aliyanusa kabla ya kuyanywa. Jumapili moja, kaka yangu alipokuja kumsalimia, mama alituita wote wawili akasema, "Nikifa mnirudishe Lukwembe." Kaka akajibu, "Sawa, mama." Na mimi nikajibu, "Sawa, mama." Ilikuwa sawa moja kwa sauti, lakini kila mtu alikuwa na yake moyoni.

Kaka yangu, niseme hapa, ndiye mkubwa wetu. Alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na zaidi ya nusu ya umri wake ameishi kule Lukwembe ya tambarare. Ameoa kule, amejenga kule, watoto wake wamekulia kule. Ni mtu mpole, anayependa vitu viende vizuri na watu wasemane kwa heshima. Mimi, kama ulivyoona, sikugawiwa hiyo.

Mama alifariki asubuhi, hospitalini, baada ya kulazwa siku nne. Tuligawana kazi. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikamshonea gauni lake la mwisho, jeupe, mikono mirefu, kola ndogo kama alivyopenda. Machozi yalikuwa yanadondokea kitambaa nikawa nayafuta na kushona tena. Kaka alishika matangazo. Kwenye kundi la familia aliandika kwamba mazishi yatafanyika keshokutwa nyumbani Lukwembe. Nikasoma, nikajibu "Amina", nikaendelea kushona.

Hapo kosa ni langu na sitamsukumia mtu. Mtu mwingine yeyote mwenye akili zake angeuliza, Lukwembe ipi? Ila mimi, niliyekuwa nimegoma miaka yote kukubali kwamba zipo nyingine, swali hilo ningelitoa wapi? Kiburi changu kilinifumba macho mchana kweupe.

Siku ya mazishi tuliondoka mapema. Nyuma ya gari la maiti nilikaa mimi na jeneza, na pazia za dirisha zilikuwa zimefungwa. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mjomba, mdogo wake mama. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi inakwenda kwa upande huo huo, kwa hiyo kwenye jambo kama lile mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini mjomba ni mzee, macho yake yana ukungu, na tangu dada yake afariki alikuwa hasemi.

Tulikwenda muda mrefu. Nilikuwa namsemesha mama kimoyomoyo, namwambia vumilia, tunakaribia, punde utasikia baridi ya kwenu. Ndipo mjomba akauliza kule mbele, taratibu kabisa, "Dereva, mbona hatupandi?"

Nikavuta pazia. Nje kulikuwa na tambarare, vichaka na mkonge pori, na mlima ulikuwa nyuma yetu. Nikagonga kile kioo cha kati mpaka dereva akaruka. Akasema yeye ameambiwa afuate pikapu ya kwaya. Nikamwambia asimame. Akasema hapo katikati ya barabara hawezi kusimama, na kabla sijamaliza kumtukana tukawa tumeshafika.

Turubai tatu zilikuwa zimesimamishwa. Viti vilijaa watu waliovaa vizuri, pilau lilikuwa linanukia kutoka nyuma ya nyumba ya kaka, na ng'ambo ya barabara niliona bango la ile baa, limepakwa rangi nyekundu, jina la kwetu lina urefu wa mtu. Pembeni ya mji wa kaka kulikuwa na kaburi, limechimbwa vizuri, limenyooshwa kingo, udongo mwekundu umerundikwa upande mmoja. Kwaya wakashuka kwenye pikapu wakaanza kuimba. Vijana sita wakaja kufungua mlango wa nyuma wachukue jeneza.

Nikaweka miguu yangu mlangoni, mmoja huku na mmoja kule. Nikawaambia atakayegusa jeneza atanigusa mimi kwanza.

Kaka akaja. Alikuwa amevaa suti nyeusi niliyomshonea mwenyewe, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Mdogo wangu, shuka. Watu wanasubiri."

"Hapa ni wapi, kaka?"

"Lukwembe."

"Lukwembe ya nani?"

"Usianze."

"Nimeshaanza."

Akasogea karibu, akashusha sauti ili watu wasisikie. Alisema nimsikilize. Huku barabara inapitika masika na kiangazi. Goti lake bovu, la kwangu liko njiani, mjomba ndiyo huyo. Mama akilazwa kule juu, nani atapanda kwenda kumfagilia? Mwaka wa kwanza tutapanda, wa pili tutatuma mtu, wa tatu majani yatamfunika. Hapa angemwona kila asubuhi akitoka kupiga mswaki. "Na tena," akasema, "Lukwembe inayojulikana ndiyo hii. Mtu akitaka kuja kutupa pole, akiuliza, ataletwa hapa. Ile ya juu hata kwenye simu haimo."

"Inayojulikana na nani? Mama anaijua? Mama hakuomba ajulikane, kaka. Aliomba arudi."

"Amerudi. Yuko kwa mwanawe."

"Umemleta kwenye baa."

Nilisema hivyo, na kwa sauti, watu wa turubai ya kwanza wakasikia. Alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejenga pale kwa mikono yake, amesomesha watoto watano pale, na mimi dada yake nikapaita baa mbele ya majirani zake. Nilimwona imemchoma. Siku ile sikujali.

Wakaja kunibembeleza mmoja mmoja. Akaja mwenyekiti wa kitongoji, akaja shemeji yangu, akaja mama mmoja wa kwaya akasema tunamtesa marehemu kwa jua. Nikamjibu basi awaambie wawashe gari. Nasikia kuna waliosema nimechanganyikiwa kwa msiba. Wapi, akili yangu haijawahi kutulia kama saa ile. Niliogopa kitu kimoja tu, mjomba. Walikuwa wamemshusha, wamemkalisha kwenye kiti cha mbele, wamempa soda baridi na mrija, na alikuwa anakunywa. Akisema azikwe, mama anazikwa pale, na mimi sina la kufanya.

Simu yangu ikalia kwenye mfuko wa gauni. Alikuwa mtani wetu, kutoka juu.

Ukoo wetu una watani wake, ukoo mwingine wa Waluguru wanaokaa ng'ambo ya mto, pale pale kwetu. Wao wakifiwa, kaburi tunachimba sisi. Sisi tukifiwa, wanachimba wao, na hawasubiri kuitwa. Wanakuja na majembe na matusi. Hakuna mwenye ruhusa ya kuwakasirikia, maana utani wetu umerithiwa na wanatutukana kwa haki. Hawa walikuwa wamesikia tangazo kama watu wote, na kama mimi, walijua Lukwembe moja tu. Nikaweka simu sauti kubwa.

"Nyie wavivu," ikasema ile sauti, "kaburi liko tayari tangu asubuhi. Mko wapi? Au mmempeleka bibi yetu sokoni mkamuuze? Maana nyie kwa njaa hamkawii."

Kwaya ilikuwa imenyamaza. Nyuma ya sauti yake tulisikia majembe yakikung'utwa udongo kwenye mawe, na mtu anacheka.

Mjomba akaweka soda chini. Akanyanyua uso kumtafuta kaka kwa yale macho yake ya ukungu.

"Mpwa wangu, hili la hapa nani kachimba?"

"Vijana, mjomba."

"Vijana gani?"

Kaka akasema kweli, kwa sababu si mwongo, "Vibarua, mjomba. Watani wa kuchimba sina huku."

"Basi," akasema mjomba. Akaomba fimbo yake, akasimama, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari peke yake, na ilibidi watu wakimbie kumshika asijigonge.

Nusu ya watu walibaki na pilau. Sikuwalaumu, njaa ni njaa. Waliofuatana na sisi walijaa kosta moja. Tulirudi njia ile ile mpaka Bigwa, tukakata, tukapanda mpaka gari lilipogoma, na pale wanawake wa kwetu walikuwa wameketi kwenye majani wanatusubiri. Jeneza likapokewa mabegani, na mjomba akabebwa mgongoni kwa kijana mmoja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na kulikuwa na utelezi. Wabebaji walibadilishana kila kona bila kuambiwa, kwa sababu watu wa kule wamebebana hivyo tangu wazaliwe. Kaka alikuwa wa mwisho. Kila nikigeuka namwona kule chini, amekunja suruali ya suti, ameshika mti, anapumua, halafu anapanda tena. Hakuna aliyemlazimisha aje.

Watani walitungoja pale juu kabisa, wamesimama katikati ya njia. Mmoja wao, mwanaume mwenye ndevu, alikuwa amejifunga khanga ya mama. Sijui aliitoa wapi. Akaja akitembea kama mama kabisa, mkono mmoja kiunoni, kichwa kimeinama kidogo kushoto, akanipita mimi, akampita mjomba, akaenda mpaka kwa kaka aliyekuwa anamalizia kona ya mwisho. Akamshika sikio.

"Wewe mtoto, ulitaka kuniweka kwa wacheza disko? Mimi na magoti haya?"

Watu wakacheka mpaka wabebaji wakaomba wapumzike. Na kaka akacheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, akamkumbatia yule mwanaume mwenye ndevu akaweka kichwa kwenye ile khanga. Alilia kwa sauti kama mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia mwaka mzima, lakini pale nilishindwa.

Tulimzika mama kabla ya jua kuzama, kando ya mama yake na bibi yake. Katekista alisoma, watani walifukia, na walipomaliza wakadai kuku wao kwa matusi.

Lakini bado kulikuwa na lile kaburi la tambarare. Kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, utakuwa umeacha mlango wazi. Ukighairi, unazika mgomba. Asubuhi yake kaka aliingia shambani kwa mama na panga, akachagua mgomba uliokwisha kuzaa, akaukata, akaubeba mwenyewe begani. Akaniambia, "Twende wote." Nilishika ncha ya nyuma tukashuka nao mlima mzima, mimi na yeye, tukapumzika mara nyingi kuliko tulivyopanda.

Chini tukaupakia kwenye gari, na kule kwake tukakuta turubai zimeshushwa. Tulikuwa sisi wawili, mkewe, na majirani wachache waliosimama mbali. Tukaulaza ule mgomba chini. Kaka akachukua koleo, lakini hakuanza kufukia. Alisimama anatazama shimo.

"Mama alitaka kurudi kwao," akasema. "Nimekubali. Ulikuwa na haki. Lakini mimi kwetu ni hapa. Nilikuja na miaka kumi na tisa. Watoto wangu ukiwauliza Lukwembe, wanakuonyesha mlango huu. Nikifa utanipandisha mlimani na mimi?"

Nilitaka kumjibu upesi kama ninavyojibu siku zote. Jibu lilikuwa mdomoni, nimelitumia miaka, Lukwembe ni moja. Nikamtazama, suti imeharibika kwa matope, goti limevimba limejaa suruali. Nikageuka nikautazama mji wake, ua uliofagiliwa, mti wa kivuli alioupanda yeye, nguo za wajukuu kwenye kamba.

"Mjomba akitaka nipandishwe, itakuwaje?" akauliza. "Ukoo ukitaka?"

Nikamwambia ukoo utanikuta mimi mlangoni mwa gari, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Akanipa koleo la pili, tukaanza kufukia.